Nani Akate Bima ya Gari Jipya?

Katika shule yetu walimu wenye magari ni wachache, na wanafunzi wenye magari hawapo kabisa. Kwa hiyo huenda msomaji akauliza, Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua nini juu ya bima ya magari hata atuandikie? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba mwezi wa Desemba 2024 nilisafiri kutoka Dar es Salaam nimepakata bahasha ambayo, kama ningaliifungua, ingalituokoa na hasara kubwa. Sikuifungua. Tangu siku ile nimeuliza na kusoma habari hii kwa bidii, na nimeonelea yafaa niwaeleze wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi, ili mtu mwingine asijifunze kwa bei ile tuliyojifunzia sisi.

Kwetu ni mkoa wa Njombe, na kazi yetu ni kulima viazi mviringo. Baba yangu ana ndugu wawili wa kiume: Baba Mkubwa na Baba Mdogo. Kwa miaka mingi walikuwa wakikodi magari ya watu kupeleka viazi sokoni, na sehemu kubwa ya faida ikaishia mikononi mwa wenye magari. Basi wakashauriana, wakaweka fedha pamoja misimu minne, wakanunua pikapu kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam aletaye magari kutoka Japani. Gari lile lilikuwa limetumika kidogo huko lilikotoka, lakini katika barabara zetu lilikuwa jipya, na nyumbani hatukuliita jina jingine ila "gari jipya".

Kazi ziligawanywa hivi. Baba Mkubwa ndiye aliyepatana bei kwa simu. Baba ndiye aliyetunza fedha na kuzipeleka benki. Baba Mdogo, kwa kuwa ndiye peke yake mwenye leseni, akatumwa kwenda kulichukua gari. Nami nilikuwa nimefunga shule, nikaambiwa nifuatane naye. Baba akasema, "Karatasi nyingi za magari ni za Kiingereza. Nenda na baba yako mdogo ukamsomee."

Tulifika uwanjani kwa mwuzaji saa nne ya asubuhi. Gari lilikuwa limeoshwa, nalo lina namba zake za usajili mbele na nyuma. Karani alitukaribisha kwa adabu, akampa Baba Mdogo daftari atie sahihi, kisha akazitia karatasi zote katika bahasha moja ya kaki. Baba Mdogo akauliza, "Kila kitu kimo?"

Karani akajibu, "Kila kitu kimo, mzee. Kadi ya gari, risiti na bima."

Baba Mdogo akafurahi, akanipa bahasha akisema, "Shika wewe, msomi." Nikaiweka mapajani. Tangu Kimara mpaka Chalinze nilikuwa nikitazama nje na kuhesabu malori.

Tulipokaribia Morogoro, katika kijiji kimoja kando ya barabara kuu, mtu mwenye baiskeli aliyepakia magunia mawili ya mkaa alikata barabara mbele yetu. Baba Mdogo alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini gari lilikuwa geni kwake, likaserereka, likampiga yule mtu ubavuni. Mkaa ulimwagika barabara nzima. Baba Mdogo alishuka mbio, na kwa msaada wa wanakijiji tukampakia majeruhi tukampeleka hospitali. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Tulimshukuru Mungu kwamba alikuwa hai.

Kisha tukaenda kituo cha polisi kutoa habari, kama ipasavyo. Askari alidai leseni, akaiona ni sahihi. Akadai kadi ya gari, akaiona. Akadai bima. Hapo ndipo nilipofungua bahasha kwa mara ya kwanza.

Karatasi ya bima ilikuwamo kweli. Karani hakusema uwongo. Lakini jina la mwenye bima lilikuwa la yule mwuzaji, si letu. Kazi iliyotajwa ilikuwa kulitoa gari bandarini na kulifikisha uwanjani kwake. Na siku yake ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita, siku kumi na moja nyuma. Askari aliandika namba ya gari katika simu yake, akatuonyesha jibu: hakuna bima iliyo hai. Baba Mdogo akaniuliza, "Imeandikwaje, mwanangu?" Nikamsomea. Hakujibu neno.

Usiku ule simu zilipigwa mpaka fedha za simu zikaisha. Baba Mkubwa alidhani bima ilikuwamo katika bei aliyopatana. Baba alidhani Baba Mkubwa ameipanga na mwuzaji. Baba Mdogo alidhani Baba ameilipa pamoja na fedha za gari. Karani naye, alipopigiwa simu kesho yake, alisema kwamba kila mnunuzi hujikatia bima yake mwenyewe, naye alidhani tunajua. Kwa hiyo watu wanne walidhani, wala hapana hata mmoja aliyeuliza. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo chetu kilikuwa na manahodha watatu na msomi mmoja, nacho kilikwenda mrama vilevile.

Sasa nitaeleza niliyojifunza. Nimesaidiwa na mwalimu wetu wa somo la biashara, na wakala mmoja wa bima wa mjini ambaye alikuwa na subira ya kunijibu Jumamosi mbili mfululizo.

Kwanza tuelewe bima ni nini. Watu wengi wenye magari hutoa kila mmoja ada ndogo kwa kampuni ya bima. Katika mwaka, wengi wao hawapatwi na ajali, na wachache hupatwa. Fedha za wote ndizo zinazolipa hasara ya wachache. Ni kama chama cha kuzikana kule kwetu: kila mtu hutoa, wala hapana aombaye kuwa wa kwanza kupokea. Tofauti ni kwamba bima ni mkataba ulioandikwa. Mkataba huo una majina ya pande mbili, una gari lililotajwa kwa namba zake, una kazi ambayo gari litafanya, una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Likikosekana moja katika hayo, mtu huweza kushika karatasi nzuri yenye mhuri, nayo isimsaidie kitu.

Pili, ziko bima za namna mbili ambazo watu wengi huzijua. Ya kwanza huitwa bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni mtu yeyote mwingine atakayedhuriwa na gari: mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli, mtoto atokaye shuleni. Bima hii hailipi bati la gari lako likikunjika, wala haikulipi gari likiibwa. Ya pili ni bima kubwa. Hiyo humlinda mtu wa tatu, na pia hulilinda gari lenyewe lisipotee kwa ajali, kwa moto au kwa wezi, kwa kadiri ya masharti yaliyoandikwa.

Bima ndogo si jambo la hiari. Uingereza ilipitisha sheria ya kulazimisha bima ya namna hii mwaka 1930, baada ya kuona kwamba magari yameongezeka na watu wanaumizwa na madereva wasio na fedha za kulipa. Nchi nyingi zilifuata. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Sheria hiyo inakataza mtu kutumia gari barabarani pasipo bima ya kifo na majeraha ya mtu wa tatu. Tena inakataza mtu kusababisha au kumruhusu mwingine alitumie hivyo.

Naomba msomaji ayapime maneno hayo, kwa maana ndiyo yanayojibu swali langu. Sheria haisemi, "Mwuzaji akate bima." Wala haisemi, "Mwenye jina katika kadi peke yake akate bima." Inamshika yule anayelitumia gari barabarani, na inamshika pia yule anayemruhusu. Basi Baba Mdogo alikuwa na wajibu, kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Baba na Baba Mkubwa walikuwa na wajibu, kwa kuwa ndio waliomtuma. Hata yule aliyetukabidhi ufunguo akijua kwamba tunaingia barabarani, ingalimpasa atuulize. Lakini kosa lake, kama lipo, halikutufutia letu.

Wengine husema, "Lakini gari bado lilikuwa mikononi mwa mwuzaji asubuhi ile." Mwalimu wetu alinieleza jambo hili kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Kanuni yake ni kwamba hatari ya mali hufuatana na umiliki, isipokuwa wahusika wamepatana vingine. Mali ikiisha kuwa yako, hasara yake ni yako, hata kama bado iko katika ghala ya mwuzaji. Kwa hiyo yafaa kupatana na kuandika mapema: gari likiungua uwanjani kabla sijalichukua, hasara ni ya nani? Na baada ya kutia sahihi daftari la makabidhiano, ni vigumu sana kudai kwamba hatari ingali ya mwuzaji.

Liko kosa jingine ambalo wengi hufanya. Hudhani bima imebandikwa garini kama namba za usajili, kwamba gari likiuzwa, bima huenda nalo. Sivyo. Bima ni mapatano ya kampuni na mtu fulani. Kampuni ilimpima mtu huyo, na kazi yake, na gari lake. Gari likihamia kwa mtu mwingine, bima haimfuati mpaka kampuni ipewe habari na ikubali. Kwa hiyo anayenunua gari kwa jirani, akaambiwa, "Bima yake ina miezi sita bado," asifurahi upesi. Aende na mwuzaji wake kwa kampuni ile, jina libadilishwe kwa maandishi, au akate bima yake mwenyewe.

Tatu, tuangalie saa. Msomaji atacheka, lakini bima ina saa kama treni. Wakala alinionyesha hati ambayo ndani yake imeandikwa siku na saa ya kuanza. Mtu akilichukua gari saa nne ya asubuhi, na bima yake yaanza usiku wa kuamkia kesho, basi mchana ule wote anatembea bila kinga. Tena Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imeweka kanuni ambayo mawakala huitamka kwa maneno machache: hakuna ada, hakuna bima. Kumwambia wakala, "Niandikie, nitakulipa Ijumaa," ni kazi bure.

Wazee wengine hukumbuka desturi za zamani. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kazi ya bima ikawa mikononi mwa shirika hilo peke yake. Baba Mkubwa alikulia katika zama hizo, naye alizoea kusikia "bima" kama mtu asikiavyo "posta", yaani mahali pamoja panapojulikana na kila mtu. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na leo makampuni ni mengi. Anayeyasimamia ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Faida kwetu ni kwamba stika ya bima siku hizi ni ya kielektroniki, na mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti aweza kuingia katika mtandao wa Mamlaka, akaandika namba ya gari, akaona kama bima ni hai au la. Askari alifanya hivyo mbele yetu kwa muda wa dakika moja. Sisi tungaliweza kufanya hivyo uwanjani kwa mwuzaji, kabla ya kuwasha moto.

Nne, ni lazima kusema kweli wakati wa kukata bima. Kampuni haina njia ya kujua gari lako litafanya nini, ila kwa kukuuliza. Ukisema ni gari la nyumbani, kumbe litabeba abiria wa nauli siku za mnada, umejinyima kinga mwenyewe. Pikapu yetu ilikusudiwa kubeba viazi vyetu, na pia viazi vya majirani kwa malipo. Wakala alisema hilo la pili lazima litajwe, hata kama ada inaongezeka. Itajwe pia nani ataendesha, na leseni yake iwe ya daraja linaloruhusu gari hilo. Tena mtu asiseme bei ndogo ya gari ili apunguziwe ada ya bima kubwa, kwa maana siku ya hasara atalipwa kwa kipimo kile kile alichokitaja.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa mwalimu wa hesabu pia husoma gazeti hili. Tuseme gari limenunuliwa kwa shilingi 24,000,000, na kampuni inadai ada ya bima kubwa ya asilimia 3.5 ya bei hiyo. Ada ya mwaka, kabla ya kodi, ni shilingi 840,000. Ni fedha nyingi kwa mkulima, sikatai. Bima ndogo ni nafuu mno kuliko hiyo. Kwa gari kama letu isingalizidi bei ya magunia machache ya viazi.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Matibabu ya yule majeruhi, chakula cha jamaa yake kwa miezi mitatu alipokuwa hawezi kazi, baiskeli mpya, mkaa uliomwagika, na faini ya mahakamani, jumla yake ilifika shilingi 4,260,000. Katika hesabu hiyo, faini peke yake ndiyo ambayo bima isingalilipa, kwa maana bima hailipi faini ya kosa la mtu. Taa na boneti ya gari letu sikuvihesabu, kwa kuwa bima ndogo haivilipi. Ng'ombe wawili waliuzwa. Viazi vilivyotengwa kuwa mbegu viliuzwa pia, na msimu ule tulipanda nusu ya shamba tu. Nauli yangu ya kurudi shuleni Januari ilikopwa kwa jirani.

Lakini hasara iliyoniuma zaidi haikuwa ya fedha. Yule mwenye baiskeli ana watoto wanne. Kama tungalikuwa na bima, angalikuwa na haki ambayo haitegemei ng'ombe wetu. Sheria ile ya Sura ya 169 imeweka kwamba mtu aliyeumizwa akishinda kesi yake, kampuni ya bima hulazimika kulipa, kwa masharti yaliyowekwa. Yaani bima ndogo haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari tu; iliwekwa kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye hakutia sahihi karatasi yoyote. Sisi tulilipa kwa sababu wazee wangu ni watu wa haki na walikuwa na cha kuuza. Angekutana na mtu asiye na kitu, au asiye na haya, angalilala hospitali na deni lake mwenyewe.

Na nyumbani, Baba Mkubwa na Baba Mdogo hawakusemezana kwa wiki saba. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye aliyesahau. Bibi ndiye aliyewaita wote watatu nyumbani kwake, akawauliza swali moja: "Siku mlipogawana kazi, hii ya bima mlimpa nani?" Wakatazamana. Hawakuwa wamempa mtu. Bibi akasema, "Basi msimtafute aliyeiacha." Siku ile wakapatana.

Nami nilikuwapo, nikajua kwamba swali la Bibi lilinihusu. Kwani kazi ya kusoma nilipewa mimi, kwa jina, tangu nyumbani. Nilipomwambia Baba jambo hilo, hakunikaripia. Alisema, "Nilikupeleka shule ili usome karatasi nisizoweza kusoma mimi. Safari nyingine soma kabla gari halijaondoka." Maneno hayo yamenikaa kuliko kiboko.

Kwa hiyo nawaandikia wasomaji maswali matano. Yeyote anayekwenda kuchukua gari, liwe jipya kabisa au limetumika, ayaulize kabla ya kupokea ufunguo, na asitosheke kwa jibu la "kila kitu kimo".

La kwanza: Bima hii ni ya jina la nani? Iwe ya jina la mwenye gari mpya. Kama wenye gari ni wengi, kama wazee wangu, wapatane ni jina la nani au majina ya nani yatakayoandikwa katika kadi na katika bima.

La pili: Ni bima ndogo au kubwa? Kama gari limenunuliwa kwa mkopo, benki kwa kawaida hudai bima kubwa, na hutaka jina lake litajwe katika hati. Mnunuzi aulize mapema, asije akalipa mara mbili.

La tatu: Inaanza siku gani na saa ngapi, na inakwisha lini? Saa ya kuanza iwe kabla ya saa ya gari kuingia barabarani. Hapana haja ya kungoja mpaka ufike. Mwombe mwuzaji akupe kwa simu namba ya usajili, au namba ya chesisi kama gari halijasajiliwa, kisha umpelekee wakala wako wa nyumbani. Utafika kulichukua gari ukiwa na bima yako tayari.

La nne: Ni kwa kazi gani, na nani aruhusiwaye kuendesha? Ukimtuma dereva wa kukodi akuletee gari, hakikisha masharti ya bima yanamruhusu, na leseni yake uione kwa macho yako.

La tano: Je, namba ya gari ikihakikiwa katika mtandao wa Mamlaka, bima yaonekana kuwa hai? Lijibiwe mbele yako, ukiwa bado umesimama uwanjani.

Na kabla ya maswali hayo matano liko moja la nyumbani, ambalo ndilo la Bibi: Kazi hii tumempa nani? Mkiwa wawili au kumi, kazi ya bima itajwe jina la mtu mmoja, na mtu huyo arudi kuwaonyesha wengine karatasi. Kazi iliyopewa wote haikupewa mtu.

Namalizia kwa habari za leo. Yule mwenye baiskeli anatembea kwa fimbo, na daktari amemwambia ataiacha fimbo kabla ya mwaka kwisha. Baba Mdogo humpelekea gunia la viazi kila apitapo Morogoro, nao wamekuwa kama ndugu. Gari limetengenezwa, linabeba viazi, nalo lina bima ya jina letu wenyewe. Hati yake niliisoma yote kwa sauti sebuleni, wazee watatu wakisikiliza, na palipokuwa na neno gumu nilimpigia wakala simu. Siku yake ya mwisho nimeiandika katika jalada la ndani la daftari langu la hesabu, mahali ninapopaona kila siku.

Wanafunzi wenzangu, mtakapofunga shule, ombeni mwonyeshwe karatasi za gari, au za pikipiki, au za trekta, kama nyumbani kipo chombo cha moto. Mkizisoma na kuona zote ni sawa, mtakuwa mmepoteza robo saa tu. Na kama si sawa, mtakuwa mmewahi.